Waliolala Agosti, Wanaorudi Desemba

Kuna utani ambao karibu kila Mtanzania ameusikia. Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Wachaga, wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, wanakwenda "kuhesabiwa". Mabasi ya Moshi yanajaa, nauli inapaa, magari madogo yanapanda yakiwa yamesheheni mchele na katoni za soda, na kwa wiki mbili Dar es Salaam inapitika. Asiyeonekana nyumbani Krismasi, utani unasema, anafutwa kwenye daftari la ukoo.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba serikali inapohesabu watu kwa dhati, haiji Desemba. Sensa zote 6 zilizofanyika tangu Muungano, yaani 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zilifanyika Agosti. Na karani wa sensa haulizi kwenu ni wapi. Anauliza nani amelala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo mwaka 2022 ilikuwa Jumanne ya tarehe 23. Aliyelala Mbagala aliandikwa Mbagala, hata kama nyumba aliyoijenga kwa miaka 9, kaburi la baba yake na ndama aliowekeza kwa mdogo wake vyote viko Marangu.

Kwa hiyo kijiji cha mgombani kina idadi mbili za watu, na zote ni za kweli. Kina pia vipato viwili, na hapo ndipo mambo yanapochanganya. Mtu akikuambia "kijiji chetu kimeendelea, kipato kimepanda", na mwingine akakuambia "kijiji chetu kinakufa, vijana wameisha", inawezekana kabisa wanasema jambo lilelile. Nitajaribu kueleza kwa nini, kwa kutumia miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu ndiko ninakokujua na kwa sababu mabadiliko yake ni makubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Tuanze na watu.

Mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takriban laki 6 na nusu katika nchi ya watu milioni 12.3. Katika kila Watanzania 100, zaidi ya 5 walikuwa huko. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087, na mwaka 2022 watu 1,861,934 katika nchi ya watu 61,741,120. Sasa ni 3 katika kila 100. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho nchi ilikua kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kilimanjaro ilikua kwa asilimia 1.3 hivi.

Angalia vizuri: mkoa haujapungua. Ni kosa la kawaida kuona sehemu inakua polepole na kutangaza kwamba imekimbiwa. Watoto bado wanazaliwa, ingawa huu ni miongoni mwa mikoa ambako wanawake huzaa watoto wachache, wakati wastani wa nchi katika utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuwa watoto 4.8 kwa kila mwanamke. Tena ongezeko lenyewe halikugawanyika sawasawa. Watu wameshuka. Ukipita barabara ya Arusha hadi Himo utaona miji iliyokuwa vituo vya basi tu, Bomang'ombe kwa mfano, sasa imejaa nyumba, maduka ya vifaa vya ujenzi na shule za binafsi. Ukipanda juu, kwenye ukanda wa migomba na kahawa, mambo yametulia. Takwimu ya mkoa imeunganisha sehemu hizo mbili kwenye namba moja, kama mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye makaa, halafu akaambiwa joto lake ni la wastani.

Kwa nini watu hushuka? Jibu la haraka ni "ajira", lakini jibu hilo linaruka hesabu iliyo chini yake. Hesabu hiyo ni ya ardhi.

Kihamba ni shamba lililoizunguka nyumba: migomba juu, kahawa kwenye kivuli chake, magimbi chini, miti ya mbao pembeni, ng'ombe bandani, na mfongo, yaani mfereji wa maji, ukipita mpakani penye mimea ya masale. Ni mfumo wenye akili nyingi, na mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, ikichukua kijiji cha Shimbwe Juu kuwa mfano. Lakini kihamba hakitanuki. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna tambarare yenye jua kali, kushoto na kulia kuna majirani ambao mababu zao walifika zamani kama wako. Babu mwenye ekari 4 na wana wa kiume 4 huacha ekari moja kwa kila mmoja. Wajukuu nao wakiwa 4 kwa kila baba, wanapata robo ekari. Kitukuu anarithi mstari wa migomba.

Desturi ililiona tatizo hilo mapema. Kitindamimba hubaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Mkubwa hupewa sehemu yake mapema. Wa katikati hutafuta. Mabinti, kwa desturi hiyohiyo, hutarajiwa kupata ardhi kwa mume, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa haki ambayo vikao vingi vya ukoo bado vinaizunguka. Kwa maneno mengine, kabla hata hujazungumzia mshahara wa mjini, utaratibu wa urithi wenyewe ulikuwa unatoa watoto nje ya kijiji kila kizazi. Wachaga hawakuondoka kwa kupenda biashara tu, kama utani mwingine unavyodai. Wengi waliondoka kwa sababu walizaliwa wa pili.

Halafu kuna kahawa, na hapa naomba tukae kidogo.

Kahawa ya arabika ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado linatajwa mlimani kwa sauti ya mtu anayemkumbuka babu aliyekuwa na ng'ombe wengi. Fedha za kahawa zilikuja mara moja au mbili kwa mwaka, kwa mkupuo, na mkupuo ndio uliozifanya ziwe na nguvu. Shilingi mia tano kila wiki huishia kwenye sukari na sabuni. Malipo ya msimu mzima hununua bati, ndama, au ada ya mwaka. Uchagani zilinunua ada. Makanisa yalijenga shule, wazazi wakajenga nyingine, na kahawa ikalipa.

Ukiitazama kwa jicho la leo, kahawa ilijenga ngazi ambayo watoto waliitumia kuteremka mlimani. Kila kijana aliyefaulu alikuwa mafanikio ya kaya na upungufu wa kijiji kwa wakati mmoja. Mwalimu, mhasibu, daktari, wote waliandikwa sensa kwingine.

Kisha bei ikaanguka. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa kwa nchi zinazouza yalivunjika, na bei ya dunia ikashuka karibu nusu ndani ya muda mfupi. Tayari ushirika ulikuwa umetikiswa: serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976 na kuvirudisha 1984, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2001 arabika huko New York iliuzwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Kwa bei hiyo, dawa ya kupulizia magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, iligharimu zaidi ya kile ambacho mti ungerudisha. Watu wakaacha kupulizia. Wengine wakaweka nyanya na migomba zaidi.

Sasa sikiliza sehemu inayofundisha zaidi. Mapema mwaka 2025 bei hiyohiyo ya New York ilipita dola 4 kwa ratili. Hiyo ni mara 8 ya ile ya 2001. Kama kipato cha kijiji kingekuwa kinafuata bei ya zao tu, mlima ungegeuka kuwa wa dhahabu. Waliokuwa na miche mipya, ile inayovumilia magonjwa iliyozalishwa na taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, walifaidi. Lakini nenda kwenye vihamba vya kawaida. Miti mingine ina umri wa mwenye nyumba. Kahawa nzuri huchumwa ikiwa nyekundu, punje kwa punje, mara kadhaa kwa msimu. Inamenywa siku hiyohiyo, inavundikwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye kitanda cha wavu na kugeuzwageuzwa. Ikiisha inapogolewa. Hiyo ni kazi ya mikono na magoti. Mwenye kihamba ana miaka 74. Mwanawe yuko Tabata.

Bei ilirudi, mikono haikurudi. Mabadiliko ya watu na mabadiliko ya kipato hayakai kwenye kurasa mbili tofauti kama ripoti zinavyoyaweka. Fedha ziliwasomesha watu wakaondoka, na kuondoka kwao kukaondoa uwezo wa kuzipata tena fedha zilezile.

Mtu wa uchumi atauliza: basi kwa nini jirani mwenye nguvu asinunue vihamba vya wasiokuwepo, akaunganisha, akalima kahawa ya kueleweka? Swali zuri, na jibu lake ni makaburi. Kihamba kina mababu ndani yake. Aliyeko Dar hakilimi lakini hakiuzi pia, kwa sababu siku moja ataletwa kuzikwa pale, na kabla ya siku hiyo anapahitaji kila Desemba. Anaweka kijana wa kazi, mara nyingi kutoka mkoa mwingine, akate majani na kulisha ng'ombe. Au anamwachia shangazi. Ardhi inabaki ya watu wengi ambao wengi wao hawapo, na kijana mmoja aliyebaki na hamu ya kulima hapati pa kupanuka. Sisemi desturi hiyo ni mbaya. Mimi mwenyewe sijui kama ningeuza. Nasema tu kwamba ina gharama, na gharama hiyo haionekani kwenye jedwali lolote.

Hesabu inavyodanganya bila kusema uongo

Tuje kwenye kipato. Chukua kijiji cha kufikirika chenye kaya 100. Kaya 90 zinapata shilingi 200,000 kwa mwezi kila moja. Kaya 10, za walimu na wenye maduka, zinapata 400,000. Jumla ni milioni 22, na wastani ni 220,000 kwa kaya.

Ipite miaka 10. Kaya 20 katika zile 90 zinafunga mlango: vijana waliooa wameshuka Himo, Arusha, Dar. Wakati huohuo wanarudi wastaafu 5, wenye pensheni na nyumba za kupangisha mjini, kila mmoja akiwa na milioni moja kwa mwezi. Hao wengine wote hawakuongezewa hata senti. Piga hesabu: kaya 70 kwa 200,000 ni milioni 14, kaya 10 kwa 400,000 ni milioni 4, wastaafu 5 ni milioni 5. Jumla milioni 23, gawanya kwa kaya 85. Wastani umekuwa 270,000 na ushee.

Kipato cha kijiji "kimepanda" kwa zaidi ya asilimia 20, na hakuna mkazi wa zamani hata mmoja aliyepata nyongeza. Kilichobadilika ni nani yumo kwenye orodha. Zipange kaya kwa mstari kuanzia maskini hadi tajiri, mwulize yule wa katikati kabisa anapata ngapi, naye atakujibu vilevile kama miaka 10 iliyopita: 200,000.

Katika mji wa watu milioni 5 wastaafu watano hawatikisi kitu. Katika kijiji cha kaya 85 wanahamisha mlima. Ndiyo maana kila ninapoona taarifa ya "wastani wa kipato" ya sehemu ndogo, swali langu la kwanza halihusu fedha. Nauliza nani ameingia na nani ametoka.

Kuna mtego wa pili, nao unafanya kazi ndani ya nyumba moja. Bibi anaishi na watu 6, jumla 7, na kaya inaingiza 350,000 kutokana na ndizi, maziwa na vibarua vya wajukuu. Kwa kichwa ni 50,000. Wajukuu wanne wanaondoka. Vibarua vyao vinakwenda nao, kipato cha kaya kinashuka hadi 240,000. Wamebaki watatu, kwa hiyo kwa kichwa ni 80,000. Je, nyumba hii imekuwa maskini au tajiri? Ukihesabu kaya, imepoteza karibu theluthi moja. Ukihesabu vichwa, imepata nyongeza nono. Na ukimwuliza bibi mwenyewe, atakuambia hana wa kumkatia majani ya ng'ombe.

Mfano huo si wa kuchezea namba tu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa kipimo hicho asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari, na vijijini asilimia 31.3. Kaya inayocheza karibu na mstari huo inaweza kuuvuka kwa sababu wajukuu wamepanda basi, na takwimu ikaandika kwamba umaskini umepungua.

Ifahamike pia kwamba utafiti huo hupima matumizi zaidi kuliko mshahara, na ni busara. Mkulima hana karatasi ya malipo. Ndizi alizokula kutoka nyuma ya nyumba zinathaminiwa na kuhesabiwa, mtori na machalari navyo ni uchumi. Waulizaji walizunguka miezi 12 mfululizo ili msimu mmoja usidanganye. Hata hivyo walihoji kaya 9,000 na ushee, na Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Maana yake vijiji vingi havikuguswa kabisa. Utafiti wa namna hiyo unaweza kukuambia habari za nchi kwa uhakika na habari za mkoa kwa tahadhari. Habari za kijiji chako hauwezi. Mtu akikutajia "kiwango cha umaskini" cha kijiji kimoja mpaka nukta ya desimali, mwulize kakitoa wapi.

Fedha zinazopita kwenye simu

Kabla ya mwaka 2008 fedha za mtoto wa mjini zilifika kwa bahasha mkononi mwa kondakta, na wakati mwingine hazikufika. Tangu M-Pesa ianze mwaka huo, ikafuatwa na huduma za mitandao mingine, bibi anasikia mlio, anampa mjukuu asome, anakwenda kwa wakala njia panda. Laki moja kwa mwezi kutoka Tabata inaweza kuwa kubwa kuliko kahawa ya msimu mzima ikigawanywa kwa miezi.

Sasa laki hiyo ni kipato cha wapi? Kwenye pato la mkoa, ambalo hupima kilichozalishwa ndani ya mipaka, ni ya Dar es Salaam: kazi ilifanyika kule. Kwenye utafiti wa kaya inaonekana mara mbili kwa sura tofauti, kama fedha iliyotolewa Tabata na kama unga, dawa na mafuta ya taa kwa bibi. Kwenye mazungumzo ya kijijini ni "watoto wananitunza", wala haitajwi kiasi. Kilimanjaro haikosi kutajwa miongoni mwa mikoa yenye pato kubwa kwa kichwa, lakini pato hilo lina mji wa Moshi, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na watalii wa mlima ndani yake. Fedha inayomlisha bibi hasa, sehemu yake kubwa haimo.

Halafu angalia nyumba. Mwaka 2022 sensa ilihesabu majengo pamoja na watu, na mgombani hilo lina maana ya pekee. Utaona jumba la bati la msauzi, madirisha ya alumini, uzio na geti, na limefungwa wiki 50 kwa mwaka. Kando yake nyumba ya mbao ya bibi inatoa moshi kila siku. Anayepima utajiri kwa kuangalia mapaa atasema kijiji kimetajirika, na hatakuwa amekosea: mapaa ni kweli, mafundi walilipwa, mchanga ulinunuliwa. Ila ni utajiri uliohifadhiwa pale, haukutoka pale. Kwa wiki mbili za Desemba unafunguliwa wote kwa pamoja. Kipaimara, harusi, ng'ombe wa kuchinja, mapipa ya mbege, bodaboda hazilali. Wapo wanaoniambia nusu ya biashara yao ya mwaka iko hapo. Tarehe mbili Januari mabasi yanateremka, na duka linarudi kuuza kiberiti.

Upande mmoja wa kipato hiki huwa hautazamwi kabisa. Kahawa ilikuwa zao la mwanamume: kadi ya chama cha msingi ilikuwa na jina lake, malipo yalikwenda kwake, mwaka kwa mwaka yakaandikwa kwenye daftari. Ndizi, maziwa na mboga vilikuwa vya mama. Kahawa iliposhuka, uzito wa kaya ulihamia upande wa mama bila kikao chochote kuitishwa. Nenda soko la Mwika siku ya gulio uone malori yanavyopakia mikungu. Nani anapatana bei? Akina mama, wengi wao wa umri mkubwa. Lakini mkungu wa ndizi haujawahi kuwa na daftari. Ndiyo maana anayesoma historia ya uchumi wa mlima kwa kufuata nyaraka ataona anguko tangu 1989, na anayefuata mgongo wa mama mwenye mkungu ataona kwamba nyumba nyingi hazikuanguka, ziliegemea ukuta mwingine.

Umri nao unabadilisha hesabu yote. Katika nchi nzima waliofikisha miaka 60 ni chini ya 6 katika kila watu 100. Kilimanjaro imo miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa zaidi ya wazee, na ukanda wa juu ndio uliozeeka zaidi. Sababu ni mbili zinazovuta kamba upande mmoja: vijana wanaondoka katika umri wa kufanya kazi, na wastaafu wanarudi wakifika 60. Ongeza miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipopita na kuchukua wazazi, ukaacha bibi na wajukuu. Kijiji cha namna hiyo kinaweza kuwa na fedha ya kutosha na kisiwe na mtu wa kubeba machela usiku. Shule ya msingi iliyojengwa kwa nguvu za wananchi ina madarasa matupu, na zahanati ina foleni ya shinikizo la damu. Bajeti inayogawanywa kwa idadi ya watu haiwezi kujua hilo, kwa sababu mtu wa miaka 8 na wa miaka 80 wote wanahesabiwa mmoja.

Na wanaohamia? Wapo. Vijana wa kazi niliowataja wengine wameoa hapo, wamepanga vyumba, wanalima kwa kukodi robo ekari. Wabeba mizigo wa mlimani kule Machame na Marangu hawakuzaliwa wote huko. Hawa wamo kwenye sensa ya Agosti kamili, lakini hawamo kwenye kikao cha ukoo wala kwenye orodha ya Desemba. Ukiniuliza kijiji kinasimama kwa mikono ya nani miezi 11 ya mwaka, nitawataja hao pamoja na akina bibi. Ukiuliza nani anachangia ujenzi wa kanisa na barabara, nitakutajia kundi la WhatsApp ambalo wanachama wake wengi wako Dar na Arusha. Waamuzi hawakai huko, wakaaji hawaamui. Nimeona mkutano wa Desemba ukipitisha mchango wa maji kwa dakika 20, na Machi mwenyekiti akihangaika kutafuta watu 6 wa kuchimba mtaro.

Kama utaratibu wa kila miaka 10 utaendelea, sensa ijayo ni ya 2032. Kijijini kwa mama yangu, Vunjo, mwaka 2022 karani alifika na kishikwambi chake, akaketi barazani, akauliza wangapi walilala humu. Bibi akaanza kutaja: mtoto wa kwanza, wa pili, hadi wa saba, na wajukuu kwa majina yao ya ubatizo. Karani, kijana mpole, alimsubiri amalize. Kisha akamwuliza tena, polepole, shikamoo yake ikiwa bado hewani: bibi, *jana usiku*? Bibi akamwangalia kijana wa kazi aliyekuwa anakata majani uani, akainua vidole viwili.